Siga kwenye friji pamoja na bia? Zitoe kwanza, mengine baadaye

Mkuu, kabla hujaendelea kusoma, nenda kazitoe hizo siga kwenye friji. Usizifungue. Ziache ndani ya plastiki yake, zitie kwenye mfuko mwingine, ufunge vizuri, uziweke mezani chumbani. Halafu rudi hapa.

Kwa wanaoingia sasa: mwenzetu yupo Dar, ameletewa siga 10 za Nicaragua (siga, yaani ile sigara nene ya majani matupu isiyo na karatasi, wazee wengine huiita biri) na ana chupa sita za bia nyeusi ya kahawa. Anataka kukaa kibarazani Jumamosi jioni na joto hili la Januari. Ameuliza aanze na siga ipi, bia iwe ya baridi kiasi gani, atumie glasi gani na ale nini. Mwishoni kabisa, kama jambo dogo tu, akaongeza kwamba siga amezilaza kwenye friji pembeni ya bia "zipoe pamoja", ndani ya kisanduku cha mbao chenye sponji iliyoloweshwa maji, kama alivyoelekezwa na muuzaji.

Sponji ya namna hiyo imenigharimu boksi zima la siga 20. Kwa hiyo nitaanzia hapo, na nitakaa hapo.

Kanuni ni moja tu kwa mtu wa pwani: siga inataka kukaushwa, haitaki kuloweshwa. Ukilishika hilo, hata ukikosea bia, jioni yako itakwenda. Ukilikosa, hata uwe na siga ya bei gani na bia ya nchi gani, utavuta moshi mchungu wa majani mabichi.

Tuanze na sponji. Ushauri wa kuweka maji ndani ya kisanduku cha siga umetoka kwa watu wa nchi za baridi. Huko Ulaya na Marekani ya kaskazini, wakati wa majira ya baridi wanawasha mashine za kupasha nyumba joto, hewa ya ndani inakauka hadi asilimia 30 au chini yake, midomo inapasuka na siga inapasuka. Mtu wa huko akiweka maji kwenye kisanduku ana haki. Sasa muuzaji wa Dar anauchukua ushauri huo mzima mzima anamkabidhi mtu wa Mbezi Beach au wa Nyali, ambako chumvi inashikamana mezani, biskuti inalainika ukiiacha wazi usiku mmoja, na viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Hewa ya nje kwetu msimu huu wa kaskazi ina unyevu wa asilimia 75 hadi 80, na usiku inazidi. Siga inataka 62 hadi 69. Yaani hewa ya bure ya kibarazani kwako tayari imezidi, halafu mtu anakuuzia sponji ya kuongeza maji! Anauza na kisanduku, anauza na chupa ya maji maalumu ya kuloweshea, na hajawahi kujiuliza mteja wake anaishi wapi. Inaniudhi kwa sababu ni mtu anayechukua hela za watu kwa jina la utaalamu.

Na hiki ndicho siga iliyolowa inachokifanya. Majani ya ndani yananyonya maji na kuvimba, njia ya moshi inabana. Unavuta mpaka mashavu yanaingia ndani, moshi hauji. Ukiwasha, sehemu ya moto inatumika kukausha maji badala ya kuunguza tumbaku, kwa hiyo tumbaku haiungui vizuri, inafukiza tu. Ndiyo maana inazimika kila dakika tano, unawasha tena, unavuta kwa nguvu zaidi, na lami nyeusi inajikusanya upande wa mdomoni. Ulimi unaanza kuuma. Katikati ya siga mvuke unatanuka, jani la nje ambalo ni jembamba kama karatasi linashindwa kuvumilia, linapasuka kwa mstari mrefu kuanzia kwenye moto. Au inaungua upande mmoja tu kama mtumbwi, upande wa pili mbichi. Watu wengi wakiona hivyo wanasema siga ni feki, au wanasema bia ya kahawa haiendani na siga. Siga ni nzima, imelowa tu.

Ikizidi asilimia 72 kwa siku nyingi, ukungu unaweza kuja. Madoa meupe au ya kijani yenye manyoya, mara nyingi upande ule wa mguu wa siga, pale panapowashwa. Mtu akikwambia ule weupe ni dalili ya siga kukomaa vizuri, usimsikilize. Doa likiwa kwenye jani la nje tu na halijaingia mguuni, wengine hulifuta kwa kitambaa kikavu. Likiwa limeingia ndani, tupa. Moshi wa ukungu si kitu cha kuingiza mdomoni.

Halafu kuna mdudu. Jina lake la kitaalamu ni Lasioderma serricorne, mdogo wa milimita 2 au 3, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, mwenye tabia kama za fukusi anayekula mahindi yako. Mayai yake huja ndani ya majani tangu huko siga ilikotengenezwa, nayo yanalala tu mahali pa ubaridi. Kadiri joto linavyopanda, ndivyo yanavyoanguliwa haraka. Kwenye nyuzi 20 mzunguko mzima wa maisha yake unachukua karibu siku 120. Kwenye joto kali unaweza kukamilika ndani ya siku 26. Dar ya Januari ni nyuzi 31 mchana, usiku 25. Utaona tundu dogo la duara, kama limechomwa kwa pini, na unga laini wa tumbaku chini ya kisanduku. Tundu moja kwenye siga moja maana yake siga zote zilizolala pamoja nayo ziko hatarini.

Sasa friji. Najua ulichofikiri: joto linaleta mdudu, friji ina baridi, basi nimemaliza. Hapana. Friji inakausha hewa, maana mvuke mwingi unagandishwa kwenye mabomba yake ya baridi. Kisanduku cha mbao hakizibi sawasawa. Kwa hiyo siga zilizo karibu na sponji zinalowa na zilizo karibu na mlango wa kisanduku zinakauka. Tumbaku pia inashika harufu kuliko kitu chochote jikoni kwako. Kama humo kuna samaki wa jana, kitunguu au nusu ya fenesi, utavifahamu vyote Jumamosi.

Lakini uharibifu mkubwa ni pale unapozitoa. Umewahi kuvaa miwani ukashuka kwenye gari lenye kiyoyozi mchana wa Dar? Miwani inaziba ukungu palepale, huoni mbele. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 inadondosha umande juu ya kitu chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 26 hivi. Siga yako inatoka friji ikiwa na nyuzi 5. Ukiitoa plastiki yake kibarazani, jani la nje linapata umande kama chupa ya soda. Lile jani linalowa na kutanuka kwa dakika, majani ya ndani bado yamekaza na ya baridi. Nje inatanuka, ndani haitanuki, mshono unaachia. Nimekuona umeandika "nizitoe dakika tano kabla ya kuwasha". Dakika tano ndizo zinazopasua.

Na usidhani ni friji tu. Hata chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 22 kipo chini ya zile 26. Siga ikitoka chumbani kwenda kibarazani, iache ndani ya plastiki yake nusu saa mpaka ishikike kwa joto la mkono, ndipo uifungue. Hiyo ni kila siku, si Jumamosi tu.

Friji kubwa, lile la kugandisha, lina kazi moja tu katika mambo ya siga: kuua mdudu. Zifunge kwenye mifuko miwili ya zipu, toa hewa. Kwanza siku moja kwenye friji la kawaida. Kisha siku tatu hadi saba kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kisha siku moja tena kwenye friji la kawaida, kisha siku moja chumbani, na muda wote huo mfuko haufunguliwi. Ukiruka hatua, jani linapasuka. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu siku upya baada ya kurudi.

Kuhifadhi kwa kawaida hakuhitaji kisanduku cha mbao cha laki. Chukua kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko wa mpira unaobana, jipya, lisilo na harufu ya pilau. Ndani tia pakiti ya kurekebisha unyevu, zile za karatasi zenye chumvi ndani ambazo hutoa unyevu kukiwa na ukavu na kuunyonya ukizidi. Boveda ndiyo inayojulikana zaidi. Kwa pwani chukua ya 62 au 65, usichukue ya 72 hata kama muuzaji anaapa. Pakiti ya gramu 60 inatosha siga 25, kwa hiyo kwa siga zako 10 utakaa nayo miezi. Ikiwa ngumu kama biskuti imekauka, badilisha. Ikivimba sana kontena lako linavuja hewa. Kontena liweke ndani ya lile boksi la kubebea barafu, bila barafu, kwenye chumba cha kulala chenye kiyoyozi. Kiyoyozi kikizimwa mchana au umeme ukikatika, boksi lile linashikilia ubaridi kwa saa kadhaa. Usiweke juu ya kabati, ndiko joto linakokaa. Weka sakafuni.

Kipimo cha unyevu cha bei ndogo usikiamini mpaka ukipime. Kijiko kimoja cha chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, matone machache ya maji mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke. Weka kifuniko na kipimo pamoja ndani ya mfuko wa zipu, ufunge, uache usiku kucha. Chumvi iliyoloana hivyo hushikilia hewa kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 69, basi kinapunguza 6, na utaongeza 6 kila ukisoma. Hakuna cha kununua hapo.

Wa Dodoma, Iringa au Nairobi, mambo yenu ni tofauti kidogo, huko kiangazi kinakausha kweli, 69 inawafaa. Walioko Muscat na Dubai nao hukaa ndani ya kiyoyozi saa zote, hewa yao ya ndani ni kavu, hiyohiyo 69. Lakini mkuu upo Dar.

Kwa Jumamosi yako fanya hivi. Leo Jumatano: sponji nje. Siga nane zifunge kwenye kontena na pakiti, na usiziguse wiki tatu, unyevu unahitaji muda kutoka katikati ya siga. Siga mbili za Jumamosi zitoe plastiki zikishafika joto la chumba, ziweke kwenye boksi tupu la mbao au hata la karatasi ngumu, lenye harufu safi, ndani ya chumba cha kiyoyozi. Hewa ya kiyoyozi huwa kavu kuliko ya nje, siku mbili tatu zitatosha kuondoa maji ya ziada. Chumba kisipokuwa na kiyoyozi, usijaribu hii, hewa yako itazidi kuzilowesha. Hapo ni kontena na pakiti tu, na uhamishe tarehe.

Kuhusu bia, upo karibu na sahihi. Bia nyeusi hupata rangi yake na sehemu ya uchungu wake kutoka kwenye shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi, kama kahawa inavyokaangwa, ndiyo maana vinaelewana. Siga yenye jani la nje jeusi la maduro, ambalo limevundikwa kwa muda mrefu na joto zaidi mpaka ladha yake ikawa na utamu, inakutana nayo vizuri. Jani la Cameroon, linalolimwa Cameroon na Jamhuri ya Afrika ya Kati, nalo lina utamu wa viungo unaopendeza kando ya kahawa, na kwa joto hili mimi ningeanza nalo, ni jepesi kidogo. Ukubwa: robusto, urefu inchi 5 kwa kipenyo cha 50 (yaani sehemu 50 kati ya 64 za inchi), ni dakika 45 hadi saa nzima. Usichukue kubwa zaidi ya hapo. Nikotini, pombe na jasho vikikutana juu ya tumbo tupu, kichwa kinazunguka na mate yanajaa. Ikikufika, weka siga chini, kunywa soda au lamba sukari, kaa kimya. Glasi moja ya maji kwa kila chupa ya bia, hiyo usiache. Na moshi wa siga hauvutwi mapafuni, unazungushwa mdomoni na kutolewa. Hata hivyo tumbaku ni tumbaku, ina madhara yake, usivute karibu na watoto na wajawazito.

Baridi ya bia: nyuzi 8 hadi 12. Ile ya kutoka friji, nyuzi 4 au 5, inaua ulimi. Utamu unajificha, unabaki uchungu na ukali. Itoe dakika 15 kabla, kwa joto letu inafika yenyewe. Barafu ndani ya bia nyeusi usitie. Na kunywa zote sita ndani ya miezi mitatu tangu zilipotengenezwa, kwa maana harufu ya kahawa ndiyo ya kwanza kuondoka, na zikikaa sana huleta ladha ya pilipili hoho mbichi. Hizo ndizo zinazopaswa kukaa kwenye friji, gizani.

Zikiisha na huna mahali pa kupata nyingine, bia nyeusi ya kawaida ya dukani inageuzwa. Gramu 50 za kahawa ya Kilimanjaro au Mbozi, iliyokaangwa kiasi, iliyosagwa kwa chenga kubwa kama sukari ya kahawia. Maji baridi mililita 400. Changanya kwenye chupa ya kioo, friji saa 14 hadi 16, chuja mara mbili kwa kitambaa. Utapata kama mililita 300, zinakaa siku nne. Tia vijiko viwili vya chakula kwenye glasi kwanza, kisha mimina bia taratibu ukiwa umeinamisha glasi; ukitia kahawa juu ya bia inafumka mpaka mezani. Usitumie kahawa ya moto iliyopoa, ukali wake unagombana na bia. Na ile kahawa chungu ya mtaani yenye tangawizi, pamoja na kuipenda kwangu kote, iache kwenye kikombe chake. Castle Milk Stout, kwa ule utamu wa sukari ya maziwa ambayo hamira haiwezi kuila, inapokea kahawa vizuri kuliko Guinness, ambayo tayari ina uchungu wa kutosha.

Kibarazani zima feni inayokupiga moja kwa moja, na upe mgongo upepo wa baharini, la sivyo siga itaungua upande mmoja hata kama ni kavu. Kata milimita 2 tu upande wa mdomoni, usivuke pale kofia ya jani (kile kipande kinachoziba kichwa cha siga) inapoishia. Washa kwa kiberiti cha gesi, siyo cha petroli, ukipasha mguu mzima wa siga bila kuugusisha kwenye moto mpaka ukingo uwe mwekundu pande zote. Vuta mara moja kwa dakika. Ikianza kuwa ya moto vidoleni na kulainika, ipumzishe, kunywa bia.

Lakini kabla ya kukata, Jumamosi saa kumi na moja jioni, ishike kati ya kidole gumba na cha shahada, ibonyeze kidogo kuanzia mguuni hadi kichwani. Inatakiwa ibonyee kidogo na kurudi yenyewe, bila sauti. Ikilia kama jani kavu, imekauka mno. Ikibonyea kama mkate wa boflo na alama ya kidole ikabaki, bado imelowa: irudishe kwenye boksi, fungua bia peke yake, na siga uiache mpaka Jumamosi nyingine.